Mzee wa Duka la Visahani

Siku ya kwanza hakuniuzia kitu. Nilitoka ofisini na viatu vyangu vya ofisini, daktari ameniambia nitembee kila siku la sivyo presha itanimaliza, na mwenzangu mmoja wa idarani ameninong'oneza kwamba kule Ihumwa, kwenye uwanja wa chuo fulani, kuna mchezo wa kutembea usiochosha. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata, unakirusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo kilichosimikwa juu ya nguzo. Ukimaliza kikapu hiki unakwenda kile. Nikaona hiyo inanifaa, maana mimi kutembea tu bila kufuata kitu siwezi, najiona kama niliyefukuzwa nyumbani. Pale pa kuanzia mchezo palikuwa na duka dogo la matofali ya kuchoma, na ndani yake alikuwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee. Naomba hicho chekundu."

"Marahaba. Hicho hakikufai."

"Hujui hata jina langu, umejuaje kwamba hakinifai?"

"Jina halirushi. Njoo nje nikuone mkono."

Akanipa kisahani kikuukuu cha kuazima. Nikarusha kwa nguvu zangu zote. Upepo wa Dodoma ukakidaka, ukakizungusha, ukakitupa kwenye miiba ya mgunga nyuma yangu, yaani nyuma kabisa ya mahali niliposimama. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema tu kwamba chekundu ni cha wenye mkono wa kasi, mimi kwa sasa niazime, atakaponiona niko tayari ataniuzia. Sijawahi kuona mwenye duka anayefukuza wateja kwa utulivu namna ile.

Kisha akanifundisha jambo la pili. Kando ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama mmoja mwembamba mwenye kitenge cha buluu, anapanga visahani kwa rangi mapajani mwake. Sote uwanjani tulimwita Bibi.

"Huyu ni mke wangu," alisema Mzee. "Kumbukumbu zake zimeondoka. Ukimwona ameinuka anakwenda, acha mchezo wako. Usimwite kwa sauti. Usimshike mkono, wala usimgeuze. Mfuate, mwamkie, tembea naye hukohuko anakokwenda. Mwende mkiongea. Baadaye wewe pinda kidogo, na yeye atapinda. Mtarudi wote. Haya, niambie nimesema nini."

"Nisimshike, nisimgeuze, nitembee naye."

"Na kumwamkia?"

"Na kumwamkia."

"Basi nenda kacheze."

Nilidhani nimefika kwa wendawazimu. Baadaye nikajua kwamba hakuna aliyetoka na kisahani mlangoni pale, awe mwanafunzi au mkurugenzi, bila kufundishwa hayo mawili, namna ya kushika kisahani na namna ya kutembea na Bibi. Hilo la pili alitukaririsha kama mwalimu wa katekisimu.

Habari zake za nyuma nilizipata kwa vipande, siku ambazo upepo ulikuwa mkali mno kwa mchezo. Alikuwa mlinzi wa geti la chuo kwa miaka mingi. Walikuwa wanakaa Nkuhungu, yeye na mkewe, na mkewe alipoanza kupotea njia ya kwenda sokoni, majirani wakamshauri awe anamfungia ndani akienda kazini. Wote walimshauri hivyo, tena kwa nia njema.

"Nikamfungia siku moja," aliniambia. "Niliporudi nikakuta vidole vyake vina damu. Alikuwa amekwaruza mlango kutwa. Sikurudia tena."

Akaanza kwenda naye kazini, akimketisha kwenye kibanda cha geti. Hapo ndipo chuo kilipopata mwalimu wa kigeni aliyesimika vikapu kwenye lile pori lao lenye uzio, akafundisha watu kurusha, akaondoka zake. Wakatafuta mtu wa kuendesha duka. Mzee hakuwa anajua lolote kuhusu visahani, lakini aliomba kazi ile kwa kung'ang'ania hadi mkuu wa chuo akachoka.

"Nilitazama wale wachezaji," alisema. "Watu wanazunguka kutwa macho wazi, wanatafuta vitu vilivyopotea. Nikawaza, mimi walinzi gani wengine nataka?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzima ya duka. Mkewe asifungiwe, na asitolewe ubavuni mwake. Mengine yote yalikuja juu ya hayo, na Mzee hakuficha. Ukimuuliza biashara inakwendaje, anakujibu Bibi ameamkaje.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mbishi, na mchoyo wa soda baridi, kwa sababu alidai soda baridi inawaumiza watu kifua na hakutaka lawama. Alinuna haraka na alinuna kwa muda mrefu. Kuna mchungaji mmoja aliwahi kumwambia kwamba mchezo wenyewe ni wa kitoto, watu wazima kurusha sahani porini, na Mzee akakataa kumsalimia hadi Pasaka ikapita. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisema maneno hayohayo. Alikaa mlangoni, akatutazama tukihangaika kwenye miiba, akatikisa kichwa na kusema, "Wasomi hawa. Serikali ipo mikononi mwa hawa." Lakini hayo aliruhusiwa kuyasema yeye tu.

Hakuwahi kurusha kisahani mbele ya watu. Kila alichojua alikijua kwa kutazama, na alikijua kweli, ila hakuwa na majivuno nacho. Ukimsifu anakwambia nenda kaulize mbuzi wa Ihumwa, nao wametazama muda mrefu.

Alikuwa na ugonjwa wa majina. Kila kisahani kilichouzwa kiliandikwa chini yake jina la mwenyewe na namba ya simu, kwa wino usiofutika. Wachezaji kila mahali hufanya hivyo, nasikia, lakini yeye hakumwachia mtu aandike mwenyewe. Aliandika kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Siku moja nilimwona Bibi ameketi na pindo la kitenge limegeuka, na ndani ya pindo nikaona herufi zilezile kubwa. Jina lake, na namba ya Mzee. Niligeuza uso. Machozi yalinijia, na mimi si mtu wa machozi.

Vilevile kulikuwa na mambo ya mifuniko. Visahani vyetu vilipovuka uzio viliokotwa na akina mama wa vijiji vya jirani, na kwa kuwa havikuwa na maana nyingine yoyote ya kueleweka, viliwekwa juu ya ndoo za maji na vyungu vya mlenda. Ni mifuniko mizuri kwa kweli, nami ningefanya hivyohivyo. Wachezaji walilalamika, wengine wakaanza kutaja wizi. Mzee akamkasirikia kila aliyetaja neno hilo. Akaenda mjini kwa rafiki yake mwenye duka la vyombo, Mwislamu wa Kihindi ambaye sote tulimwita Bhai, akarudi na mifuniko ya kila ukubwa, akaitundika ukutani katikati ya visahani. Ukileta kisahani, unaondoka na mfuniko halisi. Wageni waliokuja kununua vifaa vya mchezo walisimama mlangoni wakashangaa kama wamekosea duka.

Bhai mwenyewe alikuwa akija Jumapili, kofia ya kushonwa kichwani na suruali ya mazoezi miguuni. "Mzee, hebu amua," alikuwa akisema. "Wewe unauza vifaa vya michezo au vya jikoni?"

"Wewe uliyezaliwa dukani utanifundisha duka?"

"Nikufundishe nini, kichwa kigumu kama jiwe la Mpwapwa."

Kisha Bhai alimwendea Bibi, akaukunja mwili wake mnene, akamwambia, "Mbukwa," na kuanza kuzungumza naye Kigogo cha ndani kabisa, kile ambacho sisi tuliohamia na wizara hatuambulii hata neno. Bibi alicheka naye kuliko alivyocheka na yeyote kati yetu. Ndiye aliyetembea naye vizuri kuliko wote.

Nami nilitembea naye mara nyingi. Mara ya kwanza nilikuwa nimefikia kikapu cha kule reli inakopita, nikamwona anakuja kwa hatua za haraka, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu mwenye safari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sina muda. Nawahi nyumbani Kibakwe."

"Na mimi naelekea hukohuko."

"Mama amenituma maji, na nimechelewa. Mama akikasirika hasemi, anakunyima uji."

"Wangu alikuwa anasema," nikamwambia. "Anasema mpaka majirani wanafunga madirisha."

Alisimama akacheka, mkono mdomoni, kama msichana. Tukaendelea. Nikapinda kidogo kufuata kivuli cha migunga, naye akapinda, tukapita kichuguu, tukapinda tena, na huku akinieleza habari za kisima na wasichana waliokuwa wakigombania foleni, tukatokea mlangoni mwa duka. Mzee alikuwa amesimama, hajaita, hajasogea. Mikono alikuwa ameibana kwapani.

Bibi akamuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Ameenda kanisani. Atarudi."

"Hajakasirika?"

"Hajakasirika hata kidogo."

Akaketi, akachukua visahani vyake. Mama yake alikuwa amekufa kabla sisi wengine hatujazaliwa. Nikamuuliza Mzee baadaye, kwa utani, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na siku chache nyuma alikuwa amemfukuza kijana dukani kwa kudanganya kuhusu kisahani alichookota. Nikasema, "Mzee, na wewe unadanganya?"

Hakuuchukua kama utani. "Nikimwambia amekufa, analia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Kisha anasahau, kesho ananiuliza tena. Sasa nimuue mama yake kila siku?"

Nilinunua karanga, nikaenda zangu.

Chuo kikaishiwa. Sijui undani wake wote, na ninaoujua si wa kuandika. Dodoma ilikuwa imekua, kila pori limekuwa kiwanja, na upande ule wa reli ukauzwa ili yajengwe maghala. Vikapu vya upande huo viling'olewa, vikalazwa nyuma ya duka. Uzio nao ukaondolewa. Mzee alikwenda kwa mkuu wa chuo kuomba uzio ubaki hata kama vikapu vinaondoka, akaambiwa litashughulikiwa. Akaenda tena, akaambiwa vilevile. Wachezaji tukapungua, kwa sababu nusu ya uwanja si uwanja, na malori ya kokoto yalikuwa yanapita mahali tulipozoea kurushia. Mimi niliendelea kwenda. Daktari alikuwa ameridhika na presha yangu zamani, lakini nilikwenda.

Mzee akaanza kuketi nje badala ya ndani, kiti chake kikiwa upande wa reli, ili Bibi akiinuka apite mbele yake. Hakuwa akilala vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu na alianza kukosea majina kwenye visahani, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Jumamosi moja likaja kundi la wachezaji kutoka mkoa mwingine kwa mchezo wa kirafiki. Walikuwa watu wazuri, wenye adabu, wamevaa fulana za kufanana. Walikuja na visahani vyao wenyewe kwenye mabegi. Hawakuhitaji kununua wala kuazima, kwa hiyo hawakupita dukani, wakaanzia moja kwa moja uwanjani. Waliohitaji maji walipita, na hao Mzee aliwafundisha kama kawaida yake, na wakati anawafundisha Bibi akainuka upande wa pili.

Kijana mmoja wa fulana zile alimwona bibi kizee peke yake anaelekea kwenye malori. Alifanya ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alikimbia, akamshika mkono kwa upole, akasema, "Bibi, huku kuna hatari, turudi," akamgeuza.

Bibi akapiga kelele. Akajinasua kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, akakimbia, akaanguka kwenye mtaro mpya wa maghala. Nilipofika, Mzee alikuwa ameketi chini mtaroni, kichwa cha mkewe mapajani mwake, anampepea kwa kofia. Nyonga ilikuwa imevunjika. Yule kijana alikuwa amesimama juu ya mtaro analia, anarudia kwamba hakumsukuma, jamani, hakumsukuma.

Mzee akainua uso. "Hukukosea, mjukuu wangu," alisema. "Hukupita dukani tu."

Bibi alipotoka hospitali, binti yao alishuka kutoka Kibakwe. Ni mkulima, mama wa watu wazima, na ana ubishi uleule wa baba yake. Nilikuwepo dukani, nimempelekea Bibi uji, na baba na binti walikuwa wanaongea kana kwamba sipo.

"Baba, yatosha. Mama nampeleka nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Hapa? Hapa ni njia ya malori! Hawa rafiki zako wazuri wako wapi siku za kazi? Wako maofisini."

Niliinamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

Mzee alianza kufuta visahani kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, visahani visivyo na vumbi. Mwisho akauliza, "Hatafungiwa?"

"Hatafungiwa, baba. Huko kwetu kila mtu anamjua. Akitembea, anatembea."

"Na mimi?"

Binti akashangaa. "Wewe unakuja naye. Ulidhani nitakuacha hapa na hizi sahani?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona akipumua. Alirudisha funguo chuoni, mifuniko iliyobaki akawagawia akina mama, na hakuna aliyemrithi dukani. Nilikwenda siku moja kupita tu, nikakuta wameweka mifuko ya saruji ndani. Sikwenda tena. Sasa natembea mtaani kwangu Nkuhungu, barabarani, bila kufuata kitu.

Mwaka uliofuata nilipata safari ya kikazi Mpwapwa. Kazi ilipoisha nilimbembeleza dereva tupande hadi Kibakwe, tukapanda. Kule milimani ni kijani, baridi inauma, hewa haina vumbi, na sikupata tabu kuuliza njia. Nyumba ya binti ilikuwa imezungukwa na ua wa minyaa wenye mwanya mpana usio na lango. Niliutazama sana mwanya ule. Hata kipande cha mti kuuziba hakikuwepo.

Bibi alikuwa ameketi uani na fimbo yake ya kutembelea, amenenepa kidogo, anachagua maharage kwenye ungo. Mzee alikuwa ameketi upande wa pili wa ungo, naye anachagua. Yeye alikuwa amekonda. Nilifurahi nikasahau adabu, nikawaamkia wote kwa pamoja kwa sauti ya sokoni.

"Marahaba, karibu," alisema Bibi. "Leo tumebarikiwa wageni. Huyu naye ni mgeni, ametoka Dodoma. Labda mnafahamiana."

Nikamtazama Mzee. Akainamia maharage.

"Tunafahamiana, mama," alimjibu mkewe. "Tulikuwa tunaonana uwanjani."

Tukanywa chai. Bibi alihakikisha Mzee, mgeni wake wa Dodoma, anaongezewa, akamwita binti jikoni akamwambia asimpe mgeni kikombe chenye ufa. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyopata kumwona. Hakuuliza habari za mama yake hata mara moja, na hakuinuka kwenda popote. Alipoingia ndani na binti kubadilisha kitenge, nikamsogelea Mzee.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza. Aliamka asubuhi akaniuliza nimetokea wapi. Nikasema Dodoma. Akasema, karibu sana, umefika."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Nikasema mimi ni mume wako." Akachukua harage moja bovu, akalitupia kuku. "Akaogopa, mwanangu. Akaita watu. Alinitazama mimi kama mtu aliyekuja kumdhuru. Sikuweza kuona hivyo mara ya pili."

"Kwa hiyo wewe ni mgeni."

"Anakaribisha vizuri," alisema. Na alisema kwa fahari, ndicho kilichoniumiza.

Jua likaanza kugusa mlima. Dereva alikuwa ananipigia honi kule chini. Bibi alirudi akaketi, akatazama anga, akatazama kivuli cha nyumba kilivyorefuka, akaweka ungo chini.

"Mgeni," alimwambia Mzee, kwa upole kabisa, "jua linazama. Usije ukaingiliwa na giza njiani. Nenda nyumbani, mkeo atakuwa na wasiwasi."

Mzee akainuka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kweli, mama. Ngoja nimuwahi."

"Msalimie sana."

"Zitafika."

Tukatoka pamoja kupitia mwanya wa minyaa. Nilidhani ananisindikiza hadi kwenye gari. Lakini tulipokwisha kuupita ua, mahali ambapo Bibi hawezi kutuona, alisimama akaniaga, akanitakia safari njema. Kisha akapinda kufuata ua ule hadi nyuma ya nyumba, akasimama nje ya mlango wa jikoni, kofia bado mikononi, akimsubiri binti yake amwambie kwamba Bibi amelala na sasa anaweza kuingia.